UZI: Mazoezi makali ya kushindana na saa yanavunja watu kweli, au tunatishana? (Lubumbashi)

#1 · Mizani_ya_Lushi

Wakubwa kwa wadogo, salamu toka Lubumbashi. Jua la Oktoba linatuchoma na mvua bado inatudanganya.

Kwenye kundi letu la futingi ya Jumapili kumezuka ubishi usioisha. Wenzetu kadhaa wameacha kukimbia, wamehamia kwenye mazoezi makali ya kushindana na saa, yale ya mtindo wa CrossFit na ndugu zake. Uwanja wenyewe uko nyuma ya nyumba ya mtu: ukuta wa matofali ya kuchoma, turubai, matairi mawili ya lori la mgodini, na ubao. Kocha anaandika: kunyanyua chuma toka sakafuni mara 10, kuruka juu ya sanduku mara 15, pompi 20, rudia mizunguko mingi uwezavyo ndani ya dakika 12. Filimbi inalia, muziki unapanda, na anayeongoza jina lake linaandikwa juu kabisa.

Tuliobaki barabarani tunasema wale wamekwenda kuuza migongo yao. Wao wanasema sisi tumezeeka kabla ya siku zetu. Mimi kazi yangu ni usalama kazini, mgodini, na nikisikia neno "hatari" huwa nauliza mambo matatu: kiasi gani, kwa saa ngapi, na ikitokea inamwacha mtu katika hali gani. Basi nimekaa na hesabu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Mgodini hatuhesabu majeruhi kwa vichwa tu, maana kampuni ya watu 3,000 lazima iwe na majeruhi wengi kuliko ya watu 30. Tunagawa kwa saa za kazi. Michezo nayo hupimwa hivyo, kwa kawaida kwa kila saa 1,000 za kucheza au kufanya mazoezi.

Sasa tazameni. Mwaka 2013 ulichapishwa uchunguzi uliokusanya majibu ya wana-CrossFit 132 kwa njia ya intaneti. Kati yao 97 walisema wameshaumia, yaani asilimia 73.5, na 9 walifika hadi kupasuliwa. Ukiishia hapo unafunga virago. Lakini walipogawa kwa saa, yalitoka majeraha 3.1 kwa kila saa 1,000. Linganisha na mpira wa miguu: klabu kubwa za Ulaya zilizofuatiliwa na UEFA toka 2001 hadi 2008 zilikuwa na majeraha 8 kwa saa 1,000 kwa jumla, 4.1 mazoezini na 27.5 kwenye mechi. Na sisi wa barabarani tunaojiona wenye busara? Uchambuzi wa 2015 uliounganisha tafiti nyingi za mbio ulitoa 7.7 kwa mkimbiaji wa kawaida na 17.8 kwa anayeanza. Nilipoyasoma haya kwa sauti mbele ya kundi, mzee mmoja alivua viatu akaviangalia.

Msizishike namba hizi kama msahafu. Kila utafiti una maana yake ya "kuumia": kwa mchezaji wa klabu ni kukosa mazoezi au mechi, kwa mkimbiaji inaweza kuwa maumivu ya goti ya siku chache. Na dodoso la intaneti linajibiwa na waliobaki. Aliyeumia akaacha kabisa, hana habari na dodoso lako.

Kuna na siasa. Mwaka huohuo wa 2013 ulitoka utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio uliosema asilimia 16 ya walioanza mazoezi haya waliacha kwa sababu ya kuumia au kuzidiwa. Ulinukuliwa kila mahali. Washiriki walipofuatwa, ikaonekana hawakuacha kwa kuumia. Makala ikafutwa rasmi 2017. Jarida lilikuwa la chama cha Marekani cha makocha wa nguvu na viungo, chama kinachotoa vyeti sawa na CrossFit, na 2019 mahakama ilikiamuru chama hicho kulipa karibu dola milioni 4 kwa jinsi kilivyoendesha kesi ambayo CrossFit ilikifungulia. Kwa hiyo akikutumia mtu namba, muulize kwanza anauza nini.

Mimi sioni kwamba mazoezi haya ni hatari kuliko mpira wa Jumapili pale Kamalondo. Kinachonisumbua ni mahali hatari ilipojikusanya. Uchunguzi wa Marekani wa 2014 ulihoji watu 386, na ndani ya miezi 6 karibu mmoja kati ya watano alikuwa ameumia. Bega liliongoza kwenye mazoezi ya kujivuta na kuning'inia, mgongo wa chini kwenye kunyanyua chuma kizito. Na pale kocha alipokuwa akipita kumsahihisha kila mtu, walioumia walipungua.

Jingine ni hili la sekunde 20 kazi na 10 kupumzika, linaloitwa Tabata na kila kocha mwenye filimbi. Mjapani Izumi Tabata na wenzake walichapisha kazi yao 1996. Watu wao walikuwa vijana wa michezo, na chombo kilikuwa baiskeli iliyofungwa sakafuni. Pumzi zao ziliongezeka sana ndani ya wiki 6, hilo halina ubishi. Ila kwenye baiskeli ukichoka, miguu inapunguza mwendo, basi. Siku hizi watu wamechukua zile sekunde wakazipachika kwenye chuma kinachopita juu ya kichwa. Nacho ukichoka hakikungoji.

Kazini tuna ngazi ya kupambana na hatari. Kwanza iondoe. Ikishindikana, ibadilishe kwa iliyo nyepesi. Kisha weka kizuizi, kisha kanuni na mafunzo, na mwisho kabisa ndipo kofia na glavu. Vijana wetu wanaanzia mwisho. Mtu anatoa dola zake kununua mkanda wa mgongo na vitambaa vya magoti, halafu anakwenda kunyanyua mara 60 kwa pupa na kocha ana watu 25 wa kuangalia.

Pendekezo langu: nguvu zote ziende kwenye kazi ambazo uchovu hauzigeuzi kuwa mtego. Kukimbia kilima, kuruka kamba, kusukuma tairi, kubeba mfuko wa mchanga kifuani. Vyuma vinavyodai ustadi vije mwanzo, mwili haujachoka, bila saa na bila ubao wa majina.

Mnasemaje?

#2 · Chuma_ya_Katuba

Yaya, namba yako ni mizuri, lakini ni namba ya Bazungu bako na vyuma ya duka. Shiye huku Katuba chuma ni bomba ya mayi na makopo mbili ya rangi, unajaza simenti, unangoja ikauke. Nani alipima? Hakuna. Mutu anakwambia "hii iko kilo 40", ni mudomo tu. Mi naona bintu ya filimbi ni ya kuharibisha batoto. Niko nainua tangu ningali kijana, siku moja sikuinua na saa. Unainua, unapumuzika, unakunywa mayi, unainua tena. Musuli haina haraka.

#3 · Mizani_ya_Lushi

Mzee wangu Chuma, hapo kwenye makopo umenipata. Nilikwenda na mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, kwenye uwanja ninaousema. Kopo la kulia na la kushoto yalipishana karibu kilo 2, na simenti ya moja ilikuwa imepasuka, inacheza ndani kila chuma kinapogeuka. Mtu ananyanyua upande kwa upande mara 60 hajui kwa nini kiuno cha kushoto ndicho kinacholia kila Jumatano.

Hakuna utafiti wa Ulaya utakaokuonyesha hilo, kweli kabisa.

#4 · winga_wa_kushoto

Mpira umeingizwaje hapa jamani 😂 mtuachie. 27.5 ni ya wanaolipwa. Sisi wa uwanja wa vumbi hata hatuhesabu, ukianguka unapigwa maji ya baridi unarudi.

#5 · Kine_wa_Kampemba

Mimi ni mtaalamu wa viungo, nawahudumia watu wa aina zote, naomba niongeze ninachokiona mezani kwangu. Kumbukeni tu kwamba mimi naona walioharibika. Wazima hawanipitii, kwa hiyo macho yangu yamepinda upande mmoja.

Anayenijazia chumba kuliko wote bado ni mchezaji mpira na goti lake. Wa mazoezi ya saa wanakuja na mambo matatu yanayojirudia.

La kwanza ni bega. Kujivuta kwenye bomba kwa kujirusha, miguu inapiga kama samaki, ili idadi iongezeke. Anayeweza kujivuta polepole mara 5 au zaidi bila kujirusha, bega lake lina misuli ya kulishika. Asiyeweza hata mara moja, akifundishwa kujirusha, uzito wote unaning'inia kwenye kano na mfuko wa kiungo. Kila akishuka anauvuta. Mimi ningesema wazi: hujaweza polepole, usijirushe.

La pili ni mgongo wa chini, na hapa mwenye uzi amesema. Niongeze tu kwamba kunyanyua chuma toka sakafuni si adui. Wapo wenye maumivu ya mgongo ninaowapa zoezi hilohilo kama dawa, kwa uzito mdogo na kwa mpango. Kinachowaumiza wengine ni kupanda ghafla kwa uzito na idadi kupita walichozoea. Msiogope kuinama, mgongo haukuumbwa kwa glasi.

La tatu linakuja mara chache ila likija ni kilio: kano ya kisigino. Mtu wa miaka 35 au 40 anaruka juu ya sanduku, anajitupa chini kwa nyuma, anagusa ardhi na kuruka tena papo hapo. Anasikia kama amepigwa teke kwa nyuma, anageuka, hakuna mtu. Kano imekatika. Hapo ni miezi mingi. Dawa yake haina gharama: ruka juu, shuka kwa kukanyaga mguu mmoja mmoja. Utapoteza sekunde chache ubaoni, basi.

#6 · Dar_Pwani

Watu wa Lushi mna uzi mzito. Ila mnasahau vifo. Agosti 2024, Fort Worth kule Texas, yule Mserbia Lazar Đukić alizama kwenye mashindano ya CrossFit Games. Sasa mtu unakufa kwa mazoezi, kwa nini usitembee tu jioni baharini?

#7 · Mizani_ya_Lushi

Dar, pole yake. Ila alizama ziwani, akiogelea baada ya mbio ndefu, kwenye mashindano. Swali lililobaki pale ni la waokoaji na nani alikuwa anatazama maji. Hilo nalo ni la usalama, nalikubali, ila halituambii chochote kuhusu mama wa Bel-Air anayeruka kamba saa 12 asubuhi. Na bahari hatuna, ndugu yangu. Tuna mlima wa mabaki ya madini na bomba lake la moshi.

#8 · Maabara_243

Nimengoja nione kama kuna atakayetaja mkojo. Hakuna. Basi nataja mimi, maana hili ndilo la kukimbilia hospitali, mengine yote yanasubiri Jumatatu.

Misuli ikifanyishwa kazi kupita kiasi ilichozoea, nyuzi zake zinapasuka na kumwaga vilivyomo ndani yake kwenye damu. Kuna protini inaitwa mayoglobini, inachujwa na figo, na ikiwa nyingi inaziumiza. Madaktari wanaita hali hii rabdomayolisisi. Waingereza Bywaters na Beall waliieleza mwaka 1941 kwa watu waliotolewa chini ya kifusi London baada ya mabomu: miguu imeokolewa, siku chache baadaye figo zinagoma. Ndani ya jimu hakuna kifusi, lakini kemia ni ileile.

Dalili: maumivu makubwa kuliko yale ya kawaida ya kesho yake, misuli imevimba na haina nguvu (mtu hawezi kunyoosha mkono ashike kikombe), na mkojo wa rangi ya chai nzito au Coca. Rangi inaweza isionekane kabisa na tatizo likawepo. Kipimo ni damu, kimeng'enya cha misuli kinachoitwa CK. Kinapanda kwa siku moja hadi tatu baada ya zoezi, kwa hiyo kupimwa saa moja baada ya filimbi na kuambiwa "uko mzima" hakumalizi habari.

Sasa kwa nini naandika hili kwetu hasa. Huku mkojo mweusi una mwenyewe: malaria. Kila familia ina hadithi ya mtu aliyekojoa Coca baada ya malaria na kwinini. Kijana akitoka kwenye mazoezi na mkojo wa rangi hiyo, mama anasema malaria, anakwenda kupewa dawa ya malaria. Na karatasi ya kupimia mkojo haitatusaidia, itaonyesha "damu" kwa zote mbili, halafu kwenye hadubini chembe nyekundu hazipo au ni chache mno. Kwa hiyo mgonjwa mwenyewe lazima aseme: juzi nilifanya pompi mia na kujivuta mara themanini. Asiposema, fundi wa maabara hataota.

Na diclo! Nawaomba. Mtu anaumwa misuli, anakwenda duka la dawa, anachomwa sindano ya diclofenac, kesho nyingine. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofen, zinaweza kupunguza damu inayofika kwenye figo. Figo zinazopambana na mayoglobini, mwili umekauka kwa jasho la Oktoba, halafu unazipiga na diclo juu yake.

Nani hupata? Huwa si yule bingwa. Mara nyingi ni wa siku ya kwanza, au mwanamichezo wa zamani anayerudi baada ya likizo ndefu: roho inakumbuka, misuli imesahau. Na yule aliyetoka homa jana.

#9 · Chuma_ya_Katuba

Njo vile! Mi nilisema, musuli haina haraka.

#10 · bintiRuashi

Dada au kaka wa Maabara, swali. Tulipima damu ya selimundu mimi na mchumba kabla ya ndoa, mimi nimetoka AS, yeye AA, tukashukuru Mungu tukaendelea. Sasa nataka kuanza haya mazoezi. AS inahusika? Daktari alisema mimi si mgonjwa.

#11 · Maabara_243

Dada yangu, daktari alisema kweli. AS ni kubeba kinasaba kimoja tu cha selimundu, si SS yenye viwili, kwa hiyo huna ugonjwa wenyewe. Lakini hapa pana jambo dogo la kulijua, na nimefurahi umeuliza mbele za watu kwa sababu Kongo wenye AS ni wengi sana.

Kwenye juhudi kali isiyo na mapumziko, hasa kwenye joto na mwili ukiwa na upungufu wa maji, baadhi ya wenye AS hupatwa na chembe kubadilika umbo na misuli kukosa damu. Marekani mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa vyuo mwenye AS, Dale Lloyd II wa Chuo Kikuu cha Rice, alifariki 2006 baada ya mazoezi. Ndipo chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kikaanza mwaka 2010 kudai wachezaji wa ngazi ya juu wajulikane hali zao. Mwaka 2016 ukatoka utafiti wa wanajeshi weusi wa Marekani karibu 48,000: wenye AS walikuwa na hatari ya rabdomayolisisi zaidi kwa asilimia 54, lakini hawakufa zaidi ya wengine. Na uvutaji tumbaku uliongeza hatari kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Kwa hiyo ukiambiwa na mtu "wewe AS usifanye michezo", na yeye ana sigara mdomoni, mcheke.

Fanya hivi: anza taratibu kwa wiki kadhaa, chagua mwendo wako mwenyewe, pumzika kati ya mizunguko, kunywa maji, usishindane na saa siku za joto au ukiwa na homa. Ukihisi miguu imelegea ghafla au misuli inauma katikati ya zoezi, simama. Usimalize "mzunguko wa mwisho". Na mwambie kocha, asije akadhani unategea.

#12 · bintiRuashi

Aksanti sana. Nitamwambia.

#13 · Goma_Mlimani

Salamu toka Goma. Huku sisi tuna mawe ya volkano, ukikosea hatua kifundo kimekwenda, na mita 1,500 juu ya bahari mgeni anapumua kama ng'ombe aliyekimbizwa. Tunapokea wageni kwenye kundi letu kwa kuwapa wiki ya kwenda nusu. Wengine wananuna. Wananuna tu.

#14 · Mama_wa_Watatu

Mume wangu ana miaka 52, presha ilishawahi kupanda, tumbo limetangulia. Amesikia kazini kwake kuna kundi la haya mazoezi, amenunua viatu vyekundu, anaanza Jumatatu. Nimzuie au nimwache? Akikaa tu kwenye kiti na bia na bukari naona nako ni kifo cha polepole.

#15 · Mizani_ya_Lushi

Mama, umeuliza swali zito kuliko langu, kwa sababu umeweka na upande wa pili wa mizani. Kukaa nako kuna bei yake, ila haina filimbi kwa hiyo hatuisikii.

Kuna utafiti wa moyo wa 1993, Marekani. Waliwauliza waliopatwa na shambulio la moyo walikuwa wakifanya nini muda mfupi kabla yake. Kwa aliyekuwa akifanya kazi nzito chini ya mara moja kwa wiki, hatari katika saa ile ya baada ya kujikaza ilikuwa zaidi ya mara 100 ya anapokuwa ametulia. Kwa aliyezoea mara 5 au zaidi kwa wiki, ilikuwa mara 2.4 hivi. Usishtuke na hiyo 100: ni saa moja tu, na hatari ya kawaida ndani ya saa moja ni ndogo mno. Lakini inaonyesha mlango ulipo. Kinachomkinga mtu ni mazoea, na mazoea hayanunuliwi Jumatatu.

Asizuiwe. Ila apime presha wiki hii, na kama ana dawa azinywe. Akipata maumivu ya kifua au pumzi inakata akipanda ngazi, kwanza daktari, viatu baadaye. Kisha mwezi wa kwanza na wa pili atembee kwa kasi, apande mwinuko, afanye skwati za kukaa kwenye kiti na kusimama. Ubao wa majina asiukaribie. Viatu vyekundu vinafaa kwa kutembea pia.

#16 · Mama_wa_Watatu

Nimemsomea. Amesema "huyo wa mgodini anijue?" lakini amekubali presha.

#17 · Kocha_Filimbi

Nimekaa kimya toka mwanzo, ila ule ubao na matairi mawili nimevitambua. Ni kwangu.

Mwenye uzi, hujakosea mengi, lakini unaongea kama mtu anayelipwa hata kama hakuna aliyekuja. Mimi nalipwa na wanaokuja. Watu wanakuja kwa sababu ya ubao. Nina mama ambaye kwenye kutembea aliacha mara zote, hapa hajakosa toka aanze, kwa sababu jina lake liko chini ya la jirani yake na hataki libaki pale. Ukiniondolea saa na majina, nawapoteza, wanarudi kwenye kiti na bia kama alivyosema Mama. Hiyo nayo weka kwenye mizani yako.

Na hili la kunyanyua umechoka: aliyekomaa anaweza. Nina vijana wanne ambao hata wakichoka mgongo wao hauvunjiki mstari. Ukiwakataza unawaonea.

#18 · Mizani_ya_Lushi

Kocha, karibu, na asante kwa kujitaja. Hoja ya ubao naichukua, haikuwa kwenye hesabu yangu na inastahili kuwemo. Mtu anayekuja kila siku kwenye kitu chenye hatari kidogo yuko mbele ya anayekosa kwenye kitu salama.

Basi ubao ubaki. Badilisha kinachoandikwa. Jina lipande kwa mizunguko ya kamba, mchanga na kilima. Chuma kiwe na ubao wake wa pembeni, unaoandika nani kanyanyua safi mara 5, wewe ndiye mwamuzi, anayepinda hahesabiwi. Wale vijana wanne waache waendelee, wameshaonyesha. Shida yangu ni kwamba wa tano anawatazama, anajiona ni wa kundi lao, na wewe uko upande wa pili wa uwanja na watu 20.

#19 · Kine_wa_Kampemba

Hapo kwenye watu 25 na kocha mmoja ndipo mngeanzia. Wagawe. Nusu kwenye chuma na kocha yupo, nusu kwenye kamba na matairi ambako hawamhitaji sana. Dakika 12 wanabadilishana. Hakuna anayepoteza jasho.

#20 · Kocha_Filimbi

Kugawa naweza, najaribu Jumanne. Mgeni simpi tena kujivuta kwa kujirusha, na kazi yake wiki mbili za kwanza ni nusu ya ubao, kama wa Goma. Kununa wanune. Saa tunaisogeza ianze 11 na nusu asubuhi mpaka mvua ije.

Kuhusu kupima chuma cha kila mtu sina mizani, na makopo yale nilirithi.

#21 · Chuma_ya_Katuba

Kocha, kopo yenye imepasuka usiongeze simenti juu, haishike. Vunja yote, weka nondo mbili za kuvukana ndani, umwange mara moja, upime ingali mbichi, ile yenye imezidi unachota na kijiko. Ikishakauka uandike kilo na rangi pembeni. Mi niko na nondo zimebakia, kuya uchukue.

#22 · Mizani_ya_Lushi

Mizani naleta mimi, Jumamosi saa 2 asubuhi. Simenti nani anayo?